Moto na Maji Mbele Yetu

Dominika ya Sita ya Mwaka, Mwaka A
(YbS 15:15-20, 1 Kor 2:6-10, Mt 5:17-37)



Somo la kwanza la Dominika hii, kutoka kitabu cha Yoshua bin Sira, lina picha moja ambayo tungependa kukaa nayo kitambo. Mwenye hekima huyo asema kwamba Mungu ameweka mbele ya mwanadamu moto na maji, naye mwanadamu hunyosha mkono kukitwaa kile akitakacho. Mungu hamsukumi mtu motoni, wala hakumwagiza yeyote awe mwovu. Mkono ni wa mtu mwenyewe. Kisha katika Injili, Bwana wetu Yesu Kristo aitwaa amri ya kutokuua na kuipeleka mbali zaidi ya mkono, mpaka kinywani: amwitaye ndugu yake kwa neno la dharau amekwisha kuwa na kesi ya kujibu. Na mwisho atutaka ndiyo yetu iwe ndiyo kweli, na siyo yetu iwe siyo, kwa kuwa yanayozidi hapo chanzo chake ni yule Mwovu.

Watu wa siku za Bin Sira waliponyosha mkono walishika jembe, mkuki au kikombe. Sisi wa leo, mara nyingi zaidi, twanyosha kidole gumba juu ya kioo cha simu. Mtakumbuka jinsi nchi nzima ilivyopanga foleni mwaka 2019 na mwanzoni mwa mwaka 2020, kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Siku ya mwisho iliyotangazwa ilikuwa 20 Januari 2020, na baada yake laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Baadhi ya wazee wetu walipata taabu kubwa, maana kidole kilichoshika mpini wa jembe kwa miaka 50 kimelainika, na mashine haioni kitu cha kusoma. Serikali ilitaka ijue kila laini ni ya nani. Jambo hilo tulilifanya mara moja, tukalisahau. Lakini mbele ya Mungu kila ujumbe tunaousukuma kwa kidole kile kile unaendelea kubeba alama yetu, na juu ya alama hiyo ndipo tunapopenda kuongea leo.

Tuanze na jambo lililotokea kwa jirani zetu. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuja kwa kazi ya utafiti wa udongo, kazi ambayo mkulima wa Kanda ya Kati, aliaye kila mwaka kwa ardhi iliyochoka na mvua isiyoaminika, alipaswa kuipokea kwa mikono miwili. Hawakurudi Arusha. Ulizuka uvumi kwamba ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika, wakawaua na kuwachoma moto, na gari lao likateketezwa. Habari zilizoandikwa siku zile zilieleza kwamba onyo juu ya wanyonya damu lilipazwa kwa kipaza sauti cha nyumba ya ibada.

Wapendwa, tulisoma habari ile zaidi ya mara moja, tukitumaini kwamba sehemu hiyo ya mwisho tumeisoma vibaya. Tunavijua vipaza sauti vya makanisa ya vijijini. Hununuliwa kwa sadaka za mtama na kuku, kwa michango ya akina mama ambao hawana hata kanga ya pili. Hununuliwa ili Neno la Mungu limfikie na yule aliyekaa chini ya mti kwa kukosa nafasi ndani. Chombo chenyewe hakina kosa, kwani hakijui tofauti kati ya Zaburi na uongo. Hukuza kile kinachotiwa ndani yake, basi. Anayepaswa kujua ni mtu aliyesimama mbele yake.

Mtu aweza kusema kwamba tatizo ni imani za giza, na kwamba elimu itazimaliza. Tunakubali kwa sehemu tu. Habari za mumiani ni za kale kuliko simu na kuliko kipaza sauti. Zilisimuliwa karibu Afrika Mashariki yote enzi za mkoloni: kwamba kuna watu wenye magari wanaowateka wenzao na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Hatupendi kuwacheka wazee kwa hayo. Mtu aliyetozwa kodi asiyoielewa na kufanyizwa kazi za shuruti hakukosea sana alipohisi kwamba kuna mtu anayemnyonya. Lakini tazameni tofauti hii. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu. Ulipotoka Itigi ulichukua muda kufika Manyoni, na njiani ulikutana na watu wenye maswali. Wewe ulimwona kwa macho yako? Huyo mtoto aliyepotea ni wa nani, na nyumba yao iko wapi? Aliyeleta habari alisimama hapo hapo, watu wakamjua kama ni mtu wa maana au mlevi wa siku zote. Uvumi mwingi ulifia barabarani kwa kukosa majibu. Simu imeiondoa barabara hiyo, na pamoja nayo imewaondoa wote waliokuwa wakikaa kando yake wakiuliza. Msomi wa chuo na mzee asiyejua kusoma hupokea picha ile ile kwa dakika ile ile, na msomi huisambaza haraka zaidi, kwa kuwa ana vifurushi vya intaneti vya kutosha.

Na sasa yatupasa kukiri jambo, maana si haki kukaa mbele ya maikrofoni na kuhesabu makosa ya kijiji cha wenzetu.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa na utume katika parokia moja upande wa misitu ya Itigi, tulitumiwa picha katika simu. Ilionyesha mtu mwenye koti jeusi, amesimama kando ya pikipiki iliyofungwa madumu manne ya njano. Chini yake yaliandikwa maneno ya kuonya kwamba mtu huyo anazunguka vijijini akichukua watoto, na kwamba ndani ya madumu yale mna damu. Ilikuwa jioni, tulikuwa tumetoka katika vigango viwili, na tulikuwa tumechoka. Hatukumjua mtu yule. Hatukumjua aliyeandika. Hata hivyo tuliisukuma picha ile katika kundi la makatekista wetu, tukaongeza maneno mawili tu ya kwetu: “Tuwe makini.” Kisha tukasali Masifu ya Jioni, tukalala.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyofanya kazi yote. Kabla yake, picha ile ilikuwa yatima. Baada yake, ilikuwa picha iliyotoka kwa Padre. Siku ya tatu mtu yule alifika katika kigango kimojawapo, na ilikuwa siku ya mnada. Alikuwa mnunuzi wa asali. Alikuwa akizunguka kwa warina asali wa msituni, akikusanya lita chache hapa na pale, ili akauze mjini. Watu walimzingira. Dumu moja lilipasuliwa, na asali ya misitu ile, kama mjuavyo, ni nyeusi yenye wekundu. Machoni pa mtu aliyekwisha kuamini, hata asali ilionekana damu. Hakuna aliyeweka kidole na kuonja. Aliokolewa na mtendaji wa kijiji, aliyemvuta hadi ofisini, akafunga mlango na kukaa mbele yake mpaka polisi walipofika. Kwa wakati huo mkono wake mmoja ulikuwa umekwisha kuvunjwa.

Tulipofika tulimkuta katekista wetu, mtu mwema tunayemheshimu, aliyewabatiza watoto wengi waliokuwa hatarini kufa. Yeye ndiye aliyepiga kelele ya kwanza. Tulimwuliza kwa ukali, “Katekista, hata wewe?” Alitutazama, wala hakuinua sauti yake. “Baba, si ninyi mliotutumia?”

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatunalo.

Baadhi yenu mtasema, nia ilikuwa njema, Padre alitaka kuwalinda watoto. Hivyo ndivyo tulivyojiambia pia usiku ule wa pili. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoieleza amri ya nane katika namba 2477, haimtaji tu yule anayetunga uongo kwa makusudi. Inaanza na mtu mwenye hukumu ya pupa, yaani yule anayekubali, hata kama ni kimya kimya moyoni, kwamba mwenzake ana kosa, bila ya kuwa na sababu ya kutosha. Sisi hatukutunga kitu. Tulikubali tu, bila ya sababu ya kutosha, tukiwa tumekaa kitini, kwa muda usiotosha hata kusali Salamu Maria moja.

Kuna maneno ambayo watu wengi huyaandika wanapotuma habari wasiyo na hakika nayo: “Nimeituma kama nilivyoipokea.” Wapendwa, maneno hayo ni kunawa mikono, na tunamjua aliyenawa mikono mbele ya umati wakati wa mateso ya Bwana wetu. Maji yale hayakumsaidia. Tunamtaja kila Dominika katika Kanuni ya Imani. Maana maneno hayo hayana ndiyo ndani yake, wala hayana siyo. Mtumaji hasemi kwamba habari ni kweli, hasemi kwamba ni uongo. Anataka iende, lakini hataki iende kwa jina lake. Bwana wetu katika Injili ya leo alikuwa akisema juu ya viapo, lakini tunaona kwamba alikigusa hicho hicho, yaani maneno yaliyopangwa ili msemaji asipatikane ndani yake.

Na tusidhani kwamba tukihakikisha habari ni ya kweli basi tumemaliza. Katekisimu hiyo yataja pia dhambi ya kufichua kasoro za kweli za mtu kwa wasiohusika nazo, bila ya sababu ya haki. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Picha za miili ya watu wale, na za majeruhi wakiungua, zilizunguka katika simu. Zilikuwa picha za kweli. Lakini mjane fulani mahali fulani alimwona mumewe kwa namna ile kabla ya mtu yeyote kwenda kumshika mkono na kumpa pole. Desturi zetu, za makabila yote tunayoyajua, zina namna ya kupeleka habari ya msiba: huenda mtu mzima, huketi kwanza, huomba maji ya kunywa, ndipo aseme. Tumeiacha desturi hiyo kwa sababu tu chombo kinaruhusu kuiacha. Hivyo hivyo picha za binti aliyemwamini mchumba wake, karatasi ya majibu ya mgonjwa, sauti ya mtu aliyerekodiwa akilia. Na hapa Singida hatuwezi kuwasahau bibi zetu. Macho yao ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, na kwa ajili ya wekundu huo wanawake wazee katika mikoa kadhaa ya nchi yetu, mkoa wetu ukiwamo, wameitwa wachawi na hata kuuawa. Kijana akimpiga picha bibi wa namna hiyo kwa mzaha, akaandika chini yake neno moja la kuchekesha, hajui amemweka mahali gani.

Tunaulizwa mara nyingine, hasa na vijana, kama Kanisa linavichukia vyombo hivi. Hapana. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitoa hati nzima juu ya vyombo vya upashanaji habari tarehe 4 Desemba 1963, na tarehe 22 Februari 2002 Baraza la Kipapa lililohusika na mambo hayo lilitoa hati nyingine mbili juu ya intaneti, wakati ambapo wengi wetu huku tulikuwa hatujaigusa hata mara moja. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa mwaka 2018 kwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, alirudi katika bustani ya Edeni, akamwonyesha nyoka kuwa ndiye aliyeanzisha habari za uongo: alichanganya ukweli kidogo na uongo, akajifanya rafiki anayejali faida ya mwanamke. Katekista atakayefundisha sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo akiwa na mfano wa ujumbe wa simu mkononi hatapata taabu ya kueleweka.

Redio hii mnayoisikiliza ni shahidi wa pande zote mbili. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kuisikiliza redio pamoja, kila kikundi na kiongozi wake; kipindi kilipokwisha walijadiliana, wakaulizana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Miaka 20 baadaye, redio nyingine katika nchi jirani ya Rwanda iliwaita watu mende, ikasaidia kuwasha mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, kwa hukumu iliyotolewa tarehe 3 Desemba 2003. Nchi ile ilikuwa na Wakristo wengi, Wakatoliki wengi. Hatulisemi hilo ili kuwahukumu. Tunalisema kwa kuwa na sisi tu wengi.

Turudi kwa wale wa mwaka 1973. Walisikiliza pamoja, kila mmoja alikuwa na jirani wa kumwuliza, “Wewe umeelewaje?” Simu inatupatia habari tukiwa peke yetu, mara nyingi kitandani, usiku, wakati hofu ina nguvu kuliko akili. Na tufahamu kwamba nyuma ya mitandao hiyo kuna biashara. Makampuni mengi yenye mitandao hiyo hupata fedha kwa kuuza matangazo, kwa hiyo kadiri tunavyokaa tukitazama ndivyo yanavyopata. Mitambo yao hujifunza ni kitu gani kinamfanya kila mmoja wetu asiiweke simu chini, na mara nyingi kitu hicho ni hofu au hasira. Sisi tunadhani tunaitumia bure. Mwaka 2018 nchini India watu kadhaa waliuawa na makundi yenye hasira kwa sababu ya uvumi wa wezi wa watoto uliopita katika WhatsApp, uvumi ule ule wa pikipiki na madumu, ila kwa lugha nyingine. Januari 2019 wenye mtandao huo wakaweka kikomo ulimwenguni kote: ujumbe mmoja usisukumwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi huwekewa alama ya vishale viwili. Makatekista, tunawaomba muwaonyeshe waamini vishale hivyo. Vinamaanisha kwamba aliyekuletea hajui habari imetoka wapi, kama wewe usivyojua.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtoza anayechapisha habari anazojua ni za uongo ili kudanganya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Tunawashauri vijana waijue. Lakini tusiifanye polisi kuwa dhamiri yetu. Mtu aweza kumponda jirani yake kila siku bila ya kuivunja sheria hiyo. Na mtu mwingine, kwa kuiogopa tu, aweza kunyamaza pale ambapo ukweli ulipaswa kusemwa, kama vile dawa za zahanati zinapopotea au fedha za mabati ya shule zinapoliwa. Ukimya wa namna hiyo nao ni dhambi. Ndiyo yetu iwe ndiyo hata inapotugharimu.

Limeongezeka na jambo jipya linaloitwa akili mnemba. Sasa mashine yaweza kuiga sauti ya mtu, kikohozi chake na lafudhi yake, ikaomba fedha kwa jina lake. Ile hila ya zamani ya “ile hela itume kwenye namba hii” sasa yaweza kuja kwa sauti ya mama yako, au ya askofu. Hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et Nova, iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025, yafundisha kwamba chombo hicho ni tunda la akili ya mwanadamu, wala kisifananishwe na mwanadamu mwenyewe, na kwamba anayekitumia kudanganya ndiye mwenye kuwajibika. Naye Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne, siku mbili baada ya kuchaguliwa, tarehe 10 Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina hilo kwa kumkumbuka Leo wa Kumi na Tatu, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891 wakati wa mapinduzi ya viwanda. Kwa kuwa leo nasi tuko katika mapinduzi mengine. Juu ya hayo tutazungumza siku nyingine, maana tunakiri kwamba nasi tunajifunza. Kwa sasa kanuni ya nyumbani yatosha: ukisikia sauti ya mtu wako ikiomba fedha kwa haraka, kata simu, mpigie wewe kwa namba unayoijua.

Limebaki jambo moja zito, nalo ni malipizi. Wanakuja watu katika Sakramenti ya Kitubio wakiungama kwamba wamesambaza uongo, na tunapouliza wamefanya nini baadaye, hujibu, “Padre, nimefuta.” Umefuta katika simu yako. Husimuliwa juu ya Mtakatifu Filipo Neri wa Roma kwamba alimpa mwanamke msengenyaji kitubio cha kutembea mjini akimnyonyoa kuku, kisha akamwagiza arudi kuyaokota manyoya yote. Mtakatifu huyo hakuujua upepo wa Singida. Hapa kwetu kuku twawajua na upepo twaujua, na mmoja wetu angeweza kumwambia kwamba kufika jioni manyoya yale yangekuwa Shelui.

Lakini kushindwa kuyaokota yote hakutuondolei wajibu wa kuokota tunayoyaweza. Namba 2487 ya Katekisimu yasema wazi kwamba aliyeikosea haki na ukweli anawiwa malipizi, hata kama amekwisha kusamehewa. Na ikiwa hayawezekani hadharani, yafanyike kwa siri. Basi kama ulituma katika kundi, sahihisha katika kundi lile lile, kwa jina lako, bila ya “kama nilivyopokea”. Kama aliyeumizwa anajulikana, nenda kwake kwa miguu.

Sisi tulikwenda. Tulizunguka katika kila kigango cha parokia ile, Dominika baada ya Dominika, na kabla ya Baraka ya mwisho tulisema mbele ya waamini kwamba habari ile ilikuwa ya uongo, na kwamba waliipata kwetu. Wapo waliosikitika kwamba Padre anajiaibisha. Mzee mmoja alitufuata sakristia akasema, “Baba, mngeacha tu, watu wamekwisha kusahau.” Tulimwambia kwamba yupo mmoja ambaye hajasahau.

Tulimkuta hospitalini, mkono wake ukiwa katika plasta. Tulijieleza kirefu, kama tulivyozoea sisi mapadre: jinsi picha ilivyotufikia, jinsi tulivyoituma, nia tuliyokuwa nayo. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akaitoa simu yake kutoka chini ya mto, simu ndogo ya kitochi, akatuonyesha. “Baba,” akasema, “simu yangu haipokei picha. Hiyo mnayoisema sijaiona hata leo. Mimi niliona fimbo tu.”

Tulimlipa asali yake iliyomwagika, naye akaipokea fedha hiyo. Mkono hatukuweza kuulipa. Katika kigango kile hajarudi tena kununua, na warina asali wa pale walituambia kwamba mwaka ule ilibidi waibebe asali yao wenyewe kwa baiskeli hadi barabara kuu.

Jumuiya ndogo ndogo zitakapokutana wiki hii, tunaomba kila mmoja aende na simu yake, mwenye kitochi na mwenye kioo, na asomwe mbele ya wenzake ujumbe mmoja ambao alitaka kuusambaza. Wenzake wamwulize yale maswali ya barabarani: Ulimwona? Ni mtoto wa nani? Nyumba yao iko wapi? Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina. Tumsifu Yesu Kristo.